Kipa Wetu Hakuuza Mechi

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu za simu zimetuchosha, wewe na mie. "Shikamoo dada." "Marahaba, mama hajambo, huku joto." Basi. Miaka tisa tunaulizana mvua ya Lindi na jua la Dar kama watu wa utabiri wa hali ya hewa. Leo nakuandikia, tena naandika wazi. Barua hii nitaibandika kwenye ubao wa matangazo hapa chuoni, na nitaituma kwenye kundi la wahitimu wote, kwa sababu wewe ulisemwa mbele za watu. Siwezi kukusafisha chumbani.

Jumamosi tunacheza na Bunju.

Najua hapo umeshtuka. Ndiyo, bado nipo chuo kilekile, Gongo la Mboto, sasa mie ndiye mwalimu wa michezo na timu ya wasichana iko mikononi mwangu. Usidhani ni mechi ya mabingwa. Sisi ni wa mwisho kwenye ligi ya vyuo, wao wa pili kutoka mwisho. Sisi hatujashinda hata mara moja, wao wameshinda moja, na siku hiyo wapinzani wao hawakutokea uwanjani. Ungewaona wasichana wangu wakipiga kona ungecheka mpaka ukae chini. Mpishi wa chuo kaniambia hii ni mechi ya vipofu wawili kugombea fimbo. Lakini mkuu wa chuo naye katamka: tukiburuza mkia, timu ya wasichana inavunjwa. Kwa hiyo watoto wa watu hawalali.

Jumatatu baada ya mazoezi kapteni wangu akanifuata. Anaitwa Neema, mtoto wa Njombe, binti wa mwinjilisti, kila mazoezi anafungua yeye kwa sala. Akaja na wenzake wawili, anajiumauma.

"Mwalimu, Jumamosi tunapitia wapi?"

Nikajifanya mjinga. "Kwenda wapi?"

"Kuingia uwanjani. Tumeambiwa geti la Bunju si la kupita. Na timu yetu ina mkosi, mwalimu. Zamani kulikuwa na kipa, Zuhura, aliuza mechi palepale Bunju kwa ajili ya mchumba wake. Tangu siku hiyo pale hatujawahi kushinda. Sasa kuna mtaalamu anasema anaweza kumtoa huyo dada kwenye timu. Mie Mungu kwanza, mwalimu, ila na sisi tujiongeze."

Kumtoa. Wewe, Zuu, utolewe kama jini.

Hajui kuwa wewe ni mdogo wangu, maana hapa wananiita kwa jina la mume wangu. Na mie nikasemaje? Nikasema, "Nendeni mkaoge, tutaongea." Miaka tisa, mtu mzima, mwalimu wa watu, nikaufyata vilevile. Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Nilijichukia, mdogo wangu, sikufichi.

Unakumbuka uchochoro wa nyumbani Mbagala? Ndoo mbili za maji ndizo zilizokuwa goli, na wewe katikati, miguu peku. Mie napiga, wewe unadaka. Ulikuwa na maneno yako: unapiga makofi mawili, unainama, unauita mpira, "Njoo baba, njoo kwa mama." Mama anatoka na mwiko mkononi: "Mtoto wa kike unarukaruka kama chura, nani atakuoa?" Nilikuwa nakurushia chochote. Sabuni, kitunguu, kandambili. Sikumbuki kilichowahi kuanguka.

Ndiyo maana nilipopata chuo nikakuvuta mwaka uliofuata. Mama alitusindikiza mpaka barabarani, begi lako kalishika yeye, akanishika bega. "Wewe ndiye mkubwa. Mwangalie mwenzio." Nikasema sawa mama, tena kwa haraka, nimechoka kusimama juani.

Halafu ikaja siku ya Bunju. Sasa naisema yote, hata kwa wale ambao hawakuwepo.

Timu zetu za mpira zina kamati isiyoandikwa popote. Tunaiita kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa mpira. Yetu ilikuwa na watu wawili: mie kapteni, na mama aliyekuwa akitunza jezi. Tulikwenda Chanika kwa mtaalamu, akatuambia Bunju wamefukia kitu getini. Tusipite pale. Tuingie kwa kuruka ukuta wa nyuma, upande wa mikorosho, mguu wa kushoto utangulie, na tangu mtu aguse ardhi ya ndani asiseme neno wala asigeuke nyuma mpaka ashike nguzo ya goli. Kipa awe wa mwisho, kwa sababu kipa ndiye mlango na mlango hufungwa mwisho.

Ulikataa, Zuu. Nataka watu wajue kwamba ulikataa. Ulisema kwenye kibaraza cha bweni, wote wanasikia, "Mie kazi yangu kudaka, dada. Ukuta wa nini? Mie napita getini kama mgeni mwenye adabu." Wakacheka. Nikaona umenivunjia ukapteni. Nikakuvuta pembeni nikakwambia, "Mie ndiye kapteni na mie ndiye dada yako. Utapanda." Mkubwa akishasema, kwetu mdogo hana la kuongeza.

Saa nane mchana, uwanja mtupu, jua la utosi. Tulipanga matofali chini ya ukuta tukapanda mmoja mmoja. Mie nilikuwa wa kwanza. Nikatua, nikaanza kutembea kuelekea golini, wenzangu wananifuata kimya kama watu wanaotoka makaburini. Nikasikia tofali linateleza. Nikasikia kishindo. Halafu sauti yako.

"Dada!"

Nikaendelea kutembea.

"Dada, mguu!"

Goli lilikuwa mbele yangu, hatua thelathini hivi. Shingo yangu ilitaka kugeuka, Zuu, nikaikaza. Nikajiambia nikigeuka ninaharibu dawa, tutafungwa, nitaitwa kapteni wa hasara. Nikatembea hatua zote zile. Nikashika nguzo. Ndipo nikageuka, na wewe ulikuwa umeshasimama, mkono mmoja ukutani, unatabasamu ili nisipate taabu. Wenzetu nao hawakugeuka, lakini wao hawakuwa dada zako, na hawakumwahidi mama yako kitu.

Goti lilivimba kama andazi. Kipa wa akiba hatukuwa naye. Nikakufunga kwa kitambaa cha kichwani mwangu nikakwambia, "Kaza, Zuu, dakika tisini tu." Ukasema, "Sawa dada." Tukafungwa manne. La pili lilipita kushoto kwako, polepole, mpira ambao siku zote ungeudaka na kandambili mguuni. Mguu haukuwa na nguvu ya kukurusha. Nililiona hilo nikiwa katikati ya uwanja, na bado nikakupigia kelele uamke.

Jioni hiyohiyo maneno yakaanza. Wakati wa mapumziko Hamisi alikuletea mfuko. Hamisi mtoto wa mtaani kwetu, tumekua naye, basi tu alikuwa anasoma Bunju. Watu wakaunganisha: mchumba, mfuko, manne. Kauza mechi. Ukikanusha unaambiwa lisemwalo lipo. Kumbe mfuko ule ulikuwa na visheti vya mama, alimpa Hamisi atuletee wote wawili. Mie nilivijua. Mie nilivila, Zuu, usiku kwenye kitanda changu, huku nje wanakuita msaliti.

Halafu kikao cha bwaloni. Mlezi wa timu akasimama, akauliza, "Kapteni, wewe ni dada yake. Unajua lolote?" Nilikuwa najua lote. Lakini kusema goti ni kusema ukuta, kusema ukuta ni kusema Chanika, na mkuu alishaapa kwamba atakayemkamata na mambo hayo anamfukuza. Mie nilikuwa nimebakiza miezi miwili nimalize chuo. Nikasema, "Muulizeni mwenyewe."

Bwalo zima likakugeukia. Wewe hukuwaangalia wao, uliniangalia mie. Ulinisubiri. Sijui ulinisubiri kwa muda gani, mie nilikuwa natazama meza. Mwisho ukasema, "Sina la kusema," ukakaa. Ungeweza kuniangusha kwa sentensi moja, tena ya kweli, na hukufanya.

Wiki iliyofuata ulifunga begi. Mama tulimwambia uliteleza bafuni. Mie nikamaliza, nikavaa joho, mama akapiga vigelegele, na wewe ulikuwa umesimama pembeni yake umemshikia pochi. Goti halikukaa sawa tena. Nakuonaga ukija, unavyopanda ngazi unaleta mguu mmoja kuukuta mwenzake.

Uliniuliza mara moja tu. Siku ya ndoa yako Lindi, nakufunga ushungi, tuko wawili chumbani, ngoma zinalia uani. Ukanitazama kwenye kioo. "Dada, siku ile ulinisikia?"

Nikasema, "Siku ipi? Aa, ile. Sikukusikia mdogo wangu, kelele zilikuwa nyingi."

Saa nane mchana, uwanja mtupu. Kelele za nani? Ukasema, "Haya," ukaniomba pini. Sijawahi kusema uongo mbaya kuliko ule, na nimesema mingi.

Jumanne nilikwenda Mbagala nikamweleza mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia wala hakunitukana, laiti angetukana. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, halafu akasema, "Mficha uchi hazai. Ulimwacha mwenzio aumie, ukajificha wewe. Kamwambie yeye, usiniambie mie." Ndipo nikaanza kuandika. Hapo juu niliandika jana Jumatano.

Leo Alhamisi, badala ya mazoezi niliwakalisha wasichana kwenye nyasi nikawasomea. Yote, mpaka visheti. Nilipomaliza Neema alikuwa kainamisha kichwa.

"Kwa hiyo mwalimu, hakuuza?"

"Hakuuza."

"Na ni mdogo wako?"

"Tumbo moja."

"Jamani," akasema, "na sisi tulitaka kumtoa." Akaanza kulia, na wenzake wakafuata, ikawa msiba. Mmoja akaniuliza tukipita getini tukafungwa itakuwaje. Nikamwambia tutakuwa tumefungwa kwa sababu hatujui kupiga kona. Angalau hapo walicheka.

Lakini kipa wangu hakucheka. Ni mwembamba, mpole, hasemagi kitu. Akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mwalimu, na mie Jumamosi nikianguka, utageuka?"

Zuu, nililia mbele ya wanafunzi wangu. Nilitaka kusema ndiyo nikaona sina haki ya kuaminiwa kwa neno tu, hata na mtoto yule. Nikamwambia ataniona mwenyewe. Baadaye Neema akanifuata akaniomba niongeze humu kwamba timu nzima inakuomba radhi, na kwamba jina lako wamelifuta kwenye mkosi. Nimeongeza.

Mkuu nimempa nakala kabla ya kubandika. Aliisoma amesimama. Kasema tutaongea Jumatatu, na sura yake haikuwa ya mazungumzo mazuri. Aniondoe kwenye timu, aniondoe chuoni, sitabisha. Ningetakiwa kuondoka miaka tisa iliyopita, na wewe ubaki.

Sikuombi uje. Mie nimekunyima chuo, nimekunyima goti, nimekunyima jina lako zuri, sasa nikuombe na nauli ya moyo wako? Ukija, mabasi ya kusini yanashushia palepale Mbagala, mama atakuwa kituoni. Usipokuja, usipopiga simu, usiponisamehe, ni haki yako na sitanuna. Nitaendelea kukupigia Ijumaa kama kawaida, na ukinipa habari za mvua nitazipokea.

Jumamosi saa nane nitawapitisha wasichana wote getini, mmoja mmoja, kipa akiwa katikati yao. Mie nitaingia wa mwisho. Na kabla sijaingia nitasimama nigeuke, niangalie barabara nzima mpaka inapokatika, nihakikishe hakuna wa kwetu aliyebaki nyuma.

Uliniuliza swali nikiwa nakufunga ushungi. Jibu lake ni hili: nilikusikia, Zuu. Mara ya kwanza nilikusikia, na mara ya pili nilikusikia.

Mie, dada yako.