Ukurasa Ambao Mama Kapinga Hakuupata

Alhamisi. Mvua haijapumzika tangu asubuhi, mtaa wetu wote wa Manika ni matope, na mimi sina raha.

Leo wamenipongeza kazini. Kitabu cha maelekezo cha programu yetu ya mizani, ile inayopima malori ya shaba kabla hayajatoka mgodini, nimekipanga upya chote. Zamani kilifuata menyu za programu, moja baada ya nyingine, kwa sababu mimi ndivyo ninavyoiona programu. Sasa kinafuata yaliyompata mtu. Ukikifungua tu kwenye ordinateur, yaani kompyuta, kinakuuliza kuna nini: lori limerudi na mzigo, tikiti ya uzito imetoka na jina la mwingine, courant imerudi. Unabonyeza, unafika.

Hiyo ya courant ndiyo inayonichoma.

Hapa kwetu umeme hukatika na kurudi upendavyo. Kila ukirudi, mizani lazima irudishwe kwenye sifuri kabla ya kupima lori lolote. Maelezo hayo niliyaweka ndani kabisa ya sura ya "Paramètres", ile ya mipangilio ya programu, kwa kuwa kitufe chake kiko huko. Nani, malori yamepanga foleni yakipiga honi, atawaza neno paramètres?

Mama Kapinga hakuliwaza. Ni mama mtu mzima, amekaa kwenye mizani ile tangu enzi za kuandika kwa kalamu. Mwezi uliopita umeme ulirudi, akanipigia simu akiwa amebanwa na foleni, akiuliza sifuri inarudishwaje. Nilikuwa nakula. Nikamjibu kwa mkato kwamba imo kitabuni.

"Mi najua iko mule, mwana," alisema. "Njo maana nakuuliza ni fasi gani."

Nikamwambia atafute mahali penyewe kwenye orodha ya yaliyomo. Nikakata.

Akapima bila kurudisha sifuri, uzito ukatoka wa uongo, mteja akalalamika. Mkuu wa kazi akaniita, akataka kujua kitu kimoja tu: je, maelekezo yalikuwemo kitabuni? Nikasema yalikuwemo.

Sikusema uongo, ndiyo maana nililala vizuri.

Mama Kapinga wakamhamishia Dilolo, mpakani. Mume na watoto wamebaki hapa. Jumapili kanisani namwona binti yake mkubwa akiwapanga wadogo zake kwenye benchi, na mimi hutafuta pa kukaa nyuma kabisa.

Ndipo nikaanza kukipanga upya kitabu. Nilijidanganya kwamba kikiwa kizuri, mambo yatakuwa yamekwisha. Leo kimetumwa vituo vyote, na yeye nimemtumia mwenyewe kwenye simu, bila hata neno la kuomba radhi. Nilitaka akione tu, aelewe.

Jibu limekuja jioni hii. "Aksanti mwana. Saa hii kila kitu inaonekana. Lakini huku balinitia ku barrière, ordinateur hakuna."

Barrière. Yaani kutwa nzima anafungulia malori lango na kulifunga tena.

Nimelisoma jibu hilo tena na tena. Hakuna hasira ndani yake, na ningependa iwepo, ningejua pa kuanzia.

Kesho asubuhi nitaingia kwa mkuu wa kazi nimwambie kwamba maelekezo yalikuwemo, ndiyo, ila mimi niliyaweka mahali ambapo mtu mwenye haraka hawezi kuyapata, na mama wa watu aliponiuliza nikamkatia simu. Pengine atamrudisha Mama Kapinga. Pengine atanipeleka na mimi langoni. Mlango wake uko hatua chache kutoka mezani kwangu, na mwezi mzima nimeupita.