Ulinzi Nilioazima kwa Kompyuta

Kahama, Ijumaa

Nimepoteza kibaraza. Mimi, mjanja wa mjini, nimeponzwa na kisanduku!

Mimi na Masanja wote tunauza ndala, na kivuli cha kibaraza cha duka la Alnoor kinatosha mtu mmoja. Juani ndala zinapinda, wateja hawasimami. Tukakubaliana tucheze chesi, mshindi akikalie.

Wiki nzima Alnoor ananiwashia kompyuta yake, naiuliza: Masanja akianza na askari wa mbele ya mfalme, nijikinge vipi? Ikanifundisha ulinzi wa ajabu: mfalme wangu abaki katikati, nile askari wake, nitapona.

Leo hatua saba zilienda safi. Ya nane, Masanja akapeleka farasi mahali ambapo kompyuta huwa haipelekagi. Nikaganda.

"Baba Kulwa, unasubiri umeme?" Masanja akanitania.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Muda si mrefu nikafungwa.

Ulinzi wangu wa zamani, wa kurundika askari mlangoni, ni wa kishamba, lakini naujua kila kona. Sijui niliuacha kwa nini.

Jioni mimi na Alnoor tukaipangia kompyuta mchezo ule ule. Ikasema eti pale nilipoganda, mimi ndiye niliyekuwa naongoza!

"Alnoor ndugu yangu," nikamwambia, "basi kesho ikauze ndala juani yenyewe."