Kaseti ya Watu Waliobaki Vitini

Korogwe, 14 Juni 2003
Mwaka na miezi miwili tangu niondoke

Mdogo wangu Blandina,

Mwangaluka. Mayu, mama yetu, anaendeleaje na miguu? Mimi mzima, ila mgongo umeisha. Tangu shamba la mkonge liuzwe kwa tajiri, mzigo umeongezwa.

Joakim ninayeishi naye ana kaseti za hadithi. Mtu anasoma kitabu, sisi tunasikiliza. Nimeduwaa. Ni watu wa miaka ijayo wanaocheza mchezo ndani ya kompyuta zilizounganishwa dunia nzima. Mwili unabaki kwenye kiti, ukiuita hauitiki. Mwenyewe yuko kule, anamlimia mfalme asiyemjua, na hawezi kutoka. Nami nikisikiliza naingia humohumo. Wasomee nyumbani.

Kaka yako,
Magese

Lagangabilili, 9 Julai 2003

Kaka Magese,

Shikamoo. Mayu anatembea kidogo, lakini chakula hali.

Nilisoma barua yako jirani yetu Mboje akiwepo. Nilipofika pale mwili unabaki na mwenyewe analima kwingine, mayu akalia. Mboje akasema, "Huyo ni msukule. Kachukuliwa kichawi akalimishwe."

Nikamwambia, "Ni kaseti, na barua kaandika mwenyewe."

"Msukule hukatwa ulimi, binti, si mikono. Ataacha kuandika?"

Yeye na mayu wakaenda kwa mganga. Kasema aliyekuchukua ni mwanamke wa ukoo, macho mekundu. Kaka, shangazi Nyamizi anapikia kinyesi cha ng'ombe tangu ujana, kwa moshi ule macho yake yatakuwaje? Wanakijiji wamempa mpaka mnada wa mwisho wa mwezi ahame, la sivyo wamkate mapanga. Amekataa. Anasema akihama atakuwa amekubali.

Mdogo wako,
Blandina

Korogwe, 21 Julai 2003

Blandina,

Sikusalimu vizuri, nisamehe. Barua yako niliisoma na mzigo begani, nikautupa chini, nyapara akanitukana, sikumsikia. Shangazi aliyenifungia michembe, viazi vyake vya kukausha, niile safarini. Hadithi ya kaseti tu, na watu wananoa mapanga.

Barua hii anakuletea Anatoli, mwenzangu wa shambani, anaondoka leo. Mimi nangoja mshahara wa Jumamosi, sina nauli nyingine. Shangazi asilale peke yake, alale katikati yenu, na mayu ajue nakula ugali kama zamani, si pumba za misukule.

Sitaingia kwa kificho. Nitapita mnadani mchana, anayetaka anishike mkono, anayetaka anifinye. Kisha nitakwenda kula kwa shangazi, mlango wazi.

Nashuka Bariadi Jumanne, tarehe 29, kabla ya mnada.

Kaka yako,
Magese