Mtutu Uliopata Moto

Kijijini, Sumbawanga
2 Mei 1975

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Naileta nikiwa nimepiga magoti, ingawa karatasi haionyeshi. Miguu yako inaendeleaje na mvua hiyo ya Tukuyu? Sisi hatujambo, ila baridi ya huku Ufipa inatukata masikio. Nawe Ambakisye unayemsomea Mama, usiruke maneno kama ulivyozoea, nakujua!

Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, nguruwe pori wanatumaliza. Shamba la pamoja la mahindi utadhani tumewalimia wao. Anayewazuia ni baba mkwe wangu, mzee Zenon, kwa bunduki yake ya mitutu miwili: wa juu wa marisau ya kupigia kanga, wa chini wa risasi ya mnyama mkubwa. Mume wangu Alois ameniambia mitutu hiyo imelehemiwa pamoja, kwa hiyo ule wa risasi ukipata moto hutanuka, mwenzake akauvuta, na bunduki nzima ikapinda kidogo, hata kwa macho huoni. Risasi ya kwanza inakwenda ulikoituma. Zinazofuata zinapanda juu. Ndiyo maana mzee akishapiga hukaa chini akavuta tumbaku mpaka chuma kipoe. Watu wanamcheka, yeye hana habari nao.

Haya yote nimeyajua kwa kuambiwa. Mimi, kama ulivyonifunza, sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Nikisikia kikohozi chake tu, naingia kichakani na ndoo yangu ya maji. Chakula chake alikipeleka wifi yangu Bertilla. Wafipa hawana mila hiyo ya kwetu, wakanishangaa weee, lakini sikujali.

Jumamosi mzee alikuwa pembeni mwa shamba akijaribu shabaha yake kwenye kisiki. Mimi nilikuwa nachuma maharage nyuma ya kichuguu ili tusionane. Alikuwa ameshapiga risasi kadhaa mfululizo, tumbaku hajaiwasha, mtutu bado una moto, mara nguruwe dume akachomoka kwenye mahindi. Nafasi ya kungoja upoe hakuipata. Risasi ikapita juu ya mgongo wa nguruwe. Akafyatua marisau, yakamtia hasira tu, akamvamia mzee na kumpasua paja.

Ambakisye, hapa soma polepole. Mama, hapakuwa na mtu mwingine. Nilikimbia nikipiga mayowe na jembe mkononi, nguruwe akatimka. Nikavua kitenge nikamfunga mzee paja, nikampakata kichwa mpaka watu walipofika. Nimemshika baba mkwe, Mama. Nimemtazama usoni. Alikuwa analia. Aliniambia miaka yote hii alidhani namchukia, kwamba mwanawe amemwoa mtu asiyetaka hata kumwona, naye akaona aibu kumwuliza Alois. Uwii, Mama! Heshima yangu yote ile, kumbe ilikuwa inamchoma!

Zahanati wamemshona, anaendelea vizuri. Najua utataka nije nyumbani wazee wanitakase, kisha nirudi kujificha kama zamani. Nakuomba sana, usiniite. Sitaki kukuvunja moyo, lakini mzee huyu nampenda, na leo asubuhi nimempelekea uji mwenyewe, nikakaa naye mpaka akaumaliza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Mzee Zenon naye anakusalimu. Salamu hii hakuipitisha kwa mtu, Mama. Amenipa yeye mwenyewe, tukitazamana.

Mwanao akupendaye,
Sekela