Ghorofa Nane za Jirani Yetu

Nyumbani, juu ya duka la Mama,
Jumapili, 9 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuacha, na kwamba wifi bado anakulazimisha kuvaa kofia, maana wewe bila kulazimishwa hujitunzi. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi, lakini bado anatunga uzi kwenye sindano kabla mimi sijaliona tundu.

Sasa keti. Nina habari za jirani yetu, yule dobi, na sitaki uzisome umesimama.

Najua hujasahau, lakini acha nianzie pale tulipoumia. Mama aliomba kuongeza ghorofa moja tu juu ya hii tunayokaa, uweke studio yako ya picha na chumba cha kumleta mchumba. Sheria ya mtaa ilikuwa hii hii ya leo: jengo la biashara lisizidi ghorofa moja juu ya duka, na anayetaka zaidi apate ridhaa ya majirani. Wote waliridhia isipokuwa dobi. Alisimama mbele ya halmashauri akasema tutamzibia jua, shuka zake zitakaukia wapi. Nawe ulikuwa umeshapandisha kuta hadi usawa wa madirisha, kwa kumwamini afisa aliyetuambia tuanze tu. Matofali uliyoyapanga kwa mikono yako ukayabomoa kwa mikono hiyo hiyo, huku yeye akianika shuka na kukutazama. Mchumba akaenda zake, nawe ukaenda zako. Tangu siku hiyo humu ndani haitwi dobi. Anaitwa Mwenye Jua.

Basi mwaka huu Mwenye Jua amechoka kufua. Ikabandikwa tangazo kwamba halmashauri inafikiria kubadili sheria, mtaa wetu uruhusiwe majengo ya ghorofa nane, na wenye maoni wafike ukumbi wa shule. Kumbe ombi ni lake. Anataka maduka chini na ofisi juu, pale pale kwenye kamba zake za kuanikia.

Kaka, nililisoma tangazo lile nikasikia njaa.

Nisikudanganye, wenye kulitaka jengo walikuwa na hoja. Mfamasia alisema wateja wataongezeka. Mwenye nyumba ya kona alisema vijana watapata kazi. Nami najua swali lako: si na sisi tungejenga? Tungejenga. Nililiwaza hilo nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikaona heri tukose sote kuliko yeye apate. Unisamehe au usinisamehe, ndivyo nilivyoamua.

Nikaanza kazi. Kila aliyekuja kupimwa nguo nilimpima kiuno huku namweleza kivuli cha ghorofa nane kitafika wapi. Mwenye bustani ya miche nilimwambia mche gani utatangulia kufa. Mwanamke mwenye nyumba ya kulelea watoto wadogo nilimwonyesha malori ya mchanga yatapita wapi. Sikusema uongo hata mmoja. Ukweli ulinitosha, nikawa naumimina kama mafuta kwenye moto.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mwenye Jua alikuja na suti na mchora ramani wake. Wakatuonyesha picha ya jengo: vioo vitupu, miti iliyonyooka, wanawake wenye mikoba, hata mbwa aliyechorwa pale alikuwa ameogeshwa. Watu wakaanza kulainika. Ndipo nikanyoosha mkono.

Nilimwamkia kwa adabu zote alizotufunza Mama. Nikamwomba awakumbushe watu maneno aliyosema kuhusu jua, siku nyumba yetu ilipokataliwa. Akasema ni zamani, hakumbuki.

"Basi nitakukumbusha, mzee," nikasema. "Ulisema anayejenga juu ya kimo cha jirani yake anamwibia jua. Leo unataka kuliiba la mtaa mzima, au mwizi ni fundi wa nguo peke yake?"

Kikaanzia nyuma ya ukumbi kicheko, kikapanda kama maji. Diwani aligonga meza mpaka akachoka. Mwenye Jua akajipangusa uso kwa tai. Kaka, nilikaa chini nikiusikia utamu. Mkuki ulikuwa mtamu kwa nguruwe, sasa aliuonja yeye.

Halmashauri ilipopiga kura, sheria ikabaki ilivyo. Naye kwa uhakika aliokuwa nao, alikuwa ameshauza mashine za kufulia na kuwaachia wateja wake waende kwingine. Sasa ule uwanja wake unapigwa na jua kutwa na hakuna hata leso ya kukausha. Mimi kila asubuhi nafungua dirisha la upande ule kwanza.

Lakini hukuwepo kuona lililo kubwa zaidi. Juzi alipanda ngazi zetu. Ilikuwa imebaki njia moja tu, ile ya ridhaa ya majirani, na jirani wa ukuta kwa ukuta ni Mama. Alivua viatu mlangoni. Alisema yaliyopita si ndwele, na kwamba Mama akimridhia, naye ataturidhia tuongeze ghorofa yetu. Mama alikuwa anashona vifungo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Umesema unataka ghorofa ngapi, baba?"

"Nane, mama."

"Mimi nilikuomba moja."

Akakata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno miaka yote hii, Kaka, na yote yakaniishia kinywani. Nilimfungulia mlango tu. Aliteremka polepole, ameshika viatu vyake mkononi.

Baadaye Mama akaniambia nikuandikie kwamba amekataa, na kwamba urudi uje umwone kabla magoti hayajamfungia huku juu. Anasema hasira yake imekwisha siku ile, yako hajui. Yangu imebaki kidogo, naitumia kwa kujibana.

Nisalimie wifi, nawe uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao wasiyemjua. Shangazi Mkubwa na watoto mapacha wa Mjomba wanakusalimu sana. Mungu akufungulie njia ya kurudi, na akulinde mpaka utakapoipita.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye ulimi ule ule.