Vidonge vya Daku Usimeze Tena

Mvita, siku ya kumi na moja ya Ramadhani

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Bi Zuhura, Amu.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi kakako ni mzima wa mwili, moyo ndio hauko mahali pake. Nataka kujua hali yako, na safari hii si kwa desturi ya barua. Nataka kujua kweli: unalala? Unakula ukashiba? Ukinyoosha mkono mbele, unatetemeka? Mwanaisha mwanangu, wewe unayemsomea mamako, simama hapa umuulize hayo matatu, akujibu, ndipo uendelee. Na usiruke mstari hata mmoja kwa kumwonea haya mjomba wako.

Jana niliwapelekea simu ya posta: ZUHURA USIMEZE DAWA. Nina hofu hamkuiamini. Mtaiaminije, na katika barua ya Shaabani niliandika mwenyewe kwamba watatokea mahasidi wakwambie uache, usiwasikilize hata wakija kwa jina langu? Nilipoandika vile niliona nimeandika maneno ya mtu mkubwa. Sasa maneno yale yamesimama mlangoni kwako kama askari, na mimi niko nje nabisha.

Wajua mimi Mvita hii najulikana. Kutoka Kibokoni hata Kilindini, nikipita, watu wananisimamisha: dawa ya jino, dawa ya mtoto, dawa ya mke mwenye hasira. Wote hupona, isipokuwa mke. Kwa hiyo uliponiandikia kwamba magoti hayakubebi, kwamba ngazi ya nyumbani unaipanda mara moja kwa siku, na kwamba unasali umekaa kwa kuwa ukisujudu huinuki mpaka mumeo Bwana Omari akuvute, mimi nikasema ni uzito tu, na hilo kwangu jambo dogo.

Palikuwa na memsahibu mmoja, mteja wa duka letu la dawa. Mwezi wa kwanza alikuwa akiingia mlangoni kwa ubavu, mwezi wa nne akaingia wima, mkoba kwapani na nafasi imebaki. Aliporejea kwao Ulaya alituachia chupa ya vidonge vyake, imejaa. Tajiri wangu akanambia, “Athmani, kavitupe.” Sikuvitupa. Kwanza nilikijaribu kimoja mimi mwenyewe, na siku ile, Zuhura, nilizipanga chupa zote za duka kwa rangi, kisha nikazipangua nikazipanga kwa urefu, kisha nikaenda Likoni kwa miguu nikarudi, na chakula sikukikumbuka. Nikadhani hiyo ndiyo afya. Nikavifunga kwenye kopo la buni nikakuletea.

Na nikakuandikia namna vinavyofanya kazi. Nilisema kidonge kikifika tumboni huwa kama mpagazi: hukwangua mafuta mbavuni, huyabeba, huyatoa kwa ndia ya jasho. Hakuna aliyenifunza hayo. Niliyabuni nimekaa juu ya debe, na yakanipendeza. Chupa imeandikwa kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja alasiri. Lakini Ramadhani ilikuwa imekaribia, na mchana humezi kitu. Mimi nikahukumu kama kadhi: vyote vitatu wakati wa daku, pamoja na uji. Hapo ndipo nilipokutia hatarini. Si mtu mwingine, ni mimi.

Jana asubuhi Bwana Shee wa Siyu, yule mshona viatu, aliniletea barua yako. Umemwandikisha Mwanaisha hivi, nayanakili ujue nimeyasoma: “Kaka, yeo ni siku ya sita sijui njaa. Usingizi umenikimbia, nasoma juzuu tatu usiku na mwili hauchoki. Mwezi huu umenishukia na baraka zake. Bangili zanivuka mkono. Kinywa ni kikavu, lakini hiyo ni saumu. Moyo nao wapiga kama tari la maulidi, nadhani ni furaha. Bi Rukia wa ng'ambo ya ukuta ataka vyake.”

Nikaipeleka kwa tajiri, nikaisoma kwa sauti, nikitaka anione.

“Sikiliza, bwana, mgonjwa wangu anavyopona.”

Yeye alikuwa akifunga dawa za unga kwenye vikaratasi, hakuinua kichwa. Nilipofika kwenye tari, mikono yake ikasimama.

“Anameza vingapi?”

“Vitatu.”

“Saa ngapi?”

“Daku. Vyote pamoja. Mchana amefunga.”

“Ni vidonge vya chupa niliyokwambia utupe?”

“Ndivyo, bwana.”

“Athmani! Wewe una akili au una ulimi tu? Moyo wake je? Amewahi kuugua moyo?”

“Moyo wake ni jiwe la tumbawe, bwana.”

Hapo nilisema uwongo, Zuhura, na huo ndio ulionifanya nisiweze kufuturu jana. Nitaufikia.

Akanikalisha kwenye sanduku, akanieleza. Nami nakueleza kama alivyosema, sitii chumvi.

“Kwanza, kidonge kile hakiyeyushi mafuta. Hata chembe.”

“Na memsahibu?”

“Memsahibu alikuwa hali chakula. Basi. Kidonge kinakwenda kichwani, pale panapopigwa kengele ya njaa, kinaishika kengele isilie. Mwili una njaa, ila habari haifiki. Mtu asipokula, mwili hula akiba yake, mafuta na nyama pia. Hiyo ndiyo kazi yote unayoisifu.”

“Basi si vibaya, bwana.”

“Ngoja. Kengele ya njaa kinaishika, lakini ya hatari kinaipiga. Mwili unadhani unafukuzwa na simba. Wewe ukifukuzwa na simba utasinzia?”

“La.”

“Utataka biriani?”

“La, bwana.”

“Mate yatakauka, mishipa itabana, moyo utasukuma damu kwa nguvu zake zote ili ukimbie. Ndivyo alivyo dadako sasa. Amekaa juu ya mswala, amefungua msahafu, na mwili wake unakimbia simba. Na maji hajanywa tangu alfajiri.”

Nikamuuliza polepole, “Na kama moyo una kasoro?”

Akanitazama. “Punda wa kwenu akiwa mgonjwa, ukamchapa mchana kutwa bila kumpumzisha, itakuwaje?”

Nilitoka mbio kwenda posta.

Sasa uwongo wenyewe. Amu nzima inaijua hadithi yangu ya Ras Kitau. Nimeisimulia mpaka nadhani hata wewe waiamini: kwamba mawimbi yalikuzidi, nikakutia mgongoni, nikaogelea na wewe mpaka Shela, papa nyuma yetu akinigusa nyayo. Wallahi, sikuogelea. Papa hakuwapo. Mawimbi hayakuwapo, maji yalikuwa yamekupwa. Wewe ulikuwa na miaka minane, umetoka kuugua ile homa ya viungo iliyokulaza mkekani miezi miwili, na mimi nikakulazimisha tushindane mbio mchangani. Ukaanguka. Midomo ikawa ya buluu. Mimi nikakaa chini nikalia, mtu mzima wa miaka kumi na mitatu. Mvuvi mmoja ndiye aliyekubeba akatuvusha mpaka Shela.

Daktari aliyekupima siku ile alikuwekea sikio kifuani, akamwambia Mama kwamba homa ile imeacha jeraha moyoni, mtoto asikimbizwe, asichoshwe. Wewe ulikuwa umelala hukusikia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia. Mama akanishika bega: “Athmani, umesikia? Mwangalie nduguyo.” Kisha nikaanza kusimulia, na kila mwaka papa akakua, na jeraha likapotea ndani ya hadithi. Mama amekwenda zake, mvuvi simjui jina, daktari aliondoka. Aliyebaki nti hii ajuaye habari ya moyo wako ni mimi, na mimi ndiye niliyekuletea vidonge.

Na jambo jingine, ili usije ukasema kaka ni mtu wa dawa, anajua afanyalo. Mimi si msaidizi wa daktari kama nilivyowaandikia. Naosha chupa. Nafagia, nabandika karatasi kwenye chupa, na lile koti jeupe la kwenye picha niliyowaletea nililiazima kwa mpiga picha. Bwana Omari amekuwa akiwasomea watu barandani barua zangu zile. Na hii aisome.

Sasa sikiliza cha kufanya. Usimeze tena, hata nusu, hata cha mwisho. Ukiacha utalala usingizi mzito siku mbili tatu, utaona mwili ni gogo, roho itaingia simanzi, na njaa itakuja na jamaa zake wote. Usidhani umelogwa, wala usidhani baraka ya mwezi imekuondokea. Mwili unadai usingizi na chakula ulivyonyimwa. Kula daku yako, kunywa maji. Siku hiyo hiyo unaposomewa barua hii nenda hospitali na Bwana Omari na kopo lenyewe mkononi, wakusikilize moyo, na uwaambie habari ya homa ya viungo na midomo ya buluu. Wakikwambia ufungue, fungua. Mgonjwa ana ruhusa na siku utazilipa. Bi Rukia asipewe hata cha kunusa. Habari ya magoti tajiri amesema ni kupunguza mahamri na vya nazi kidogo kidogo, na kutembea asubuhi bila haraka. Nikamwambia dawa gani hiyo isiyo na chupa! Hakucheka.

Barua hii anakuja nayo Bwana Shee. Alikuja kuuza viatu vya Idi, nikamwomba arudi na lori la kesho mpaka Mokowe avuke maji kuja Amu. Alikuwa anakataa, nikalia mbele yake kama nilivyolia Ras Kitau, akakubali. Viatu nitamuuzia mimi. Nahesabu daku nne mpaka akufikie, na kila moja naiogopa.

Msalimie sana shemeji yangu Bwana Omari, namwomba radhi kwa kumdanganya yeye na watu wa barandani kwake pia. Nisalimie mama mkwe wako, aniombee dua, na maalim aliyenifunza alifu kwa fimbo, mwambie laiti ningemsikiliza zaidi. Bi Rukia jirani mwema msalimie, asinune.

Mwanaisha, bado sijamaliza na wewe. Ukifika hapa inua macho utazame uso wa mamako. Namjua. Anaweza akacheka, akasema, “Kaka huyo na hadithi zake!” Akisema hivyo, usicheke naye. Rudi mwanzo umsomee tena, polepole, kwa sauti yako ya kawaida, si ile unayoniigiza. Akicheka mara ya pili, inuka, chukua kopo popote alipolificha, mpe babako mkononi. Atakukasirikia, na atanikasirikia mimi zaidi. Mwambie anikasirikie miaka yote aliyojaaliwa, na Mungu amzidishie.

Ni mimi kakako,
Athmani