Matabaka Mawili ya Kijivu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

— na bado nasema wazo lilikuwa langu, hata kama Doto ameanza kuwaambia watu ni lake. Mimi ndiye niliyeiona kwenye simu: rangi ya kupulizia gari ambayo ukiichoka unaibandua kama ganda la ndizi, na rangi ya zamani iko palepale chini, haijaguswa. Nilimwonyesha jana tukila. Akaacha kula. Akaitazama ile video mara nne. Mume wangu, ambaye tangu Machi hakuna kitu anachokitazama mara mbili! (Isipokuwa mimi. Naandika kwa sababu ni kweli.)

Leo wiki ya tano tangu harusi. Bado nikiamka nikaliona shati lake kwenye msumari nafurahi kama mjinga.

Gari lenyewe si letu. Ni la Kulwa, pacha wake. IST nyekundu, wekundu wa kupiga kelele, na watu kuanzia hapa Shinyanga mpaka Geita wanaliita Pilipili. Duara la Kulwa, shimo lake la dhahabu kule Rwamgasa, lilititia mwezi wa tatu, mvua zilipozidi, naye akiwa chini. Hawakumpata. Gari lilibaki juu kivulini, vioo vimeshushwa kidogo — alitegemea kurudi. Doto ndiye aliyekwenda kulichukua.

Sasa kila akipita watu wanapiga mluzi. Kulwa! Kulwa wee! Akigeuka, uso ni uleule. Juzi sokoni mwanamke mmoja aliangusha beseni lake la dagaa. Doto akashuka, akamsaidia kuokota, dagaa mmoja mmoja.

Nataka wamwache mume wangu apumue. Hilo tu.

Jumanne, 5 Agosti

Tumekwenda dukani kwa Salehe. Mimi nilitaka bluu, kama sare za harusi yetu. Doto akasema kijivu.

Salehe akashika kiuno. "Bwana harusi! Kijivu? Hiyo si rangi ya punda?"

"Punda nani anamwita barabarani?" Doto akamjibu.

Tukacheka. Na yeye alicheka! Kidogo, puani, lakini nilimsikia.

Salehe akatupa somo. Osha, kausha, ziba taa na vioo kwa magazeti, puliza kidogokidogo, ngoja nusu saa, rudia. Matabaka matano, sita ndiyo bora zaidi. "Yakiwa mengi, shemeji, mtalivua kama soksi. Mkipuliza mawili mkaridhika, yataganda kama ukoko. Mtakwangua kwa kucha mpaka wajukuu wazaliwe." Akanikonyeza. Nikaona aibu tamu.

Kubanduka ndiko kunakonituliza moyo, kwa sababu ya mama mkwe. Yuko Mhunze, Kishapu, na hajakubali kwamba Kulwa hayupo. Mwili haujaonekana, kwa hiyo hakuna msiba — amekataza matanga, amekataza hata kunyoa. Harusi yetu alisema iendelee, mwanawe atachelewa tu. Akaagiza kiti kiwekwe meza kuu na sahani ya pilau. Kilikaa pembeni ya Doto siku nzima. Na yeye wote wanamwita Mama Kulwa. Mapacha, jina ni la aliyetangulia kutoka. Atajibadilisha jina vipi?

Basi tumepanga: mjini kijivu, tukienda Mhunze tunabandua. Nimejiona nina akili!

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzetu wamekwenda kwenye maonyesho, sisi tuko uani na magazeti na utepe. Doto alifunga kitambaa puani, kope zikawa za kijivu kama za mzee. Nikamwambia, hivi ndivyo utakavyokuwa tukizeeka, na bado nitakupenda. Akanishika shavu kwa kidole chenye rangi. Sijaliosha.

Eufrasia, jirani wa chumba cha mbele, alipita na ndoo. "Nyie, mnapaka gari au mnalimwagia majivu?"

Doto akatikisa kopo, akaendelea kupuliza.

Tabaka la kwanza wekundu ulionekana kwa chini, kama damu kwenye bandeji. La pili ukapotea. Doto akasema harufu itaniumiza kichwa, nenda kwaya mke wangu, mimi nitamalizia. Niliporudi alikuwa ameshakusanya kila kitu. Gari limesimama. Kijivu kitupu. Naye amekaa chini, mgongo kwenye tairi, anatazama ukuta.

Nikasema limependeza. Halikupendeza.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku tatu hakuna aliyepiga mluzi! Tumekwenda mpaka njia ya Mwadui na kurudi, nimeshika goti lake, kama wachumba.

Kisha trafiki akatusimamisha. Akaichukua kadi ya gari, akaitazama, akalizunguka gari lote. "Kadi inasema nyekundu. Macho yangu yanasema kijivu. Nani mwongo?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze habari za kubandua. Doto akawahi.

"Nyekundu imekufa, afande."

Trafiki akamtazama usoni. Akamrudishia kadi. Akasema tu, nendeni mkabadilishe na kadi basi.

Neno hilo, kufa, halijatamkwa kwao tangu Machi. Hata kwa kuku hawalitamki siku hizi. Njia nzima sikuondoa mkono wangu gotini pake, lakini goti lilikuwa gumu kama jiwe.

Jumamosi, 16 Agosti

Petroli ilichuruzika pale kwenye kifuniko cha tangi. Rangi ikakunjamana, ikaacha kidonda chekundu ukubwa wa kiganja. Doto alikuwa amekwenda kutengeneza pampu ya mtu. Nikasema nijaribu kubandua kipande, nione kinavyotoka.

Hakitoki! Kinavunjika vumbi na vijipande, kinaingia chini ya kucha. Ukoko. Nikajaribu mlangoni, kwenye boneti, kila mahali. Ukoko mtupu.

Nikaenda kutafuta kitambaa kwenye sanduku lake la vifaa. Chini ya magunia, makopo kumi na mawili ya rangi tuliyonunua kwa Salehe. Yamejaa. Hayajafunguliwa hata moja.

Alipuliza matabaka mawili akaacha. Na Salehe alikuwa ametuambia.

Jumapili, 17 Agosti

Sijamwuliza. Nimepika wali wa nazi anaoupenda. Amekula.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwuliza. Nilidhani atakasirika. Aliweka bisibisi chini.

"Wewe unafikiri ni watu wanaonisumbua," akasema. "Watu wanapiga mluzi wanaacha. Mimi nikipita kwenye vioo vya maduka naliona Pilipili linapita. Na anayeendesha ni yeye. Kila siku, Love. Naendesha gari nikimwangalia anaendesha gari."

Nililia mimi, yeye hakulia. Kwao mwenye kulia kwanza ni mama. Mama hajalia, kwa hiyo hakuna mwenye ruhusa. Karibu miezi sita sasa koo lake limejaa, na mimi nilidhani ni ukimya wa mwanaume tu!

Nikamkumbatia mgongoni. Nikamwambia basi, libaki kijivu, hata milele.

Nilimaanisha. Leo asubuhi nilimaanisha.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilimpigia Salehe, nikasema nauliza kwa niaba ya rafiki. Akacheka. "Mwambie huyo rafiki aongeze manne juu yake. Yatashikana na yale ya chini, yote yatatoka kwa pamoja. Hakuna kilichoharibika, shemeji."

Makopo yapo. Najua yalipo. Sijamwambia Doto kwamba nimepiga simu. Ni siri yangu ya kwanza kwa mume wangu, na ndoa haijafikisha miezi miwili.

Jumapili, 24 Agosti

Mama amepiga simu baada ya ibada. Doto alikuwa uani anaosha miguu. Nikapokea mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mayu. Pilipili mzima?"

Mayu ni mama, ndivyo anavyoniita kwa kilugha chao; na huwa anaanza na gari. Nikasema mzima.

Akasema wazee wa ukoo wamekaa naye jana. Wamesema miezi sita imetosha. Na yeye amechoka kubishana nao, amewapa sharti moja. Alikuwa anasema polepole, kama anayechambua mchele.

"Nataka kwenda Rwamgasa. Kwa gari lake. Nikae kiti cha mbele, alipokuwa ananikalisha. Nikifika pale mdomoni pa duara nitamwita mara tatu. Gari lake litakuwa limesimama pale, atajua ni sisi. Asipoitika, mayu, asipoitika, ndipo nitalia. Na nyie mlie."

Nikasema ndiyo mama.

"Macho yangu yamekwisha, mayu. Ng'ombe siwatofautishi na vichaka. Ila ule wekundu nauona toka mbali. Nitakaa barabarani niungojee. Mje na gari jingine sitapanda. Umenielewa?"

Doto alikuwa ameingia. Amesimama mlangoni, taulo mkononi, miguu inachuruzika maji sakafuni. Simu yangu inasikika, alikuwa anasikia kila kitu. Nyuma yake, kupitia mlangoni, gari. Kijivu, na kile kidonda chekundu pembeni.

Nikamtazama. Alikuwa anatikisa kichwa — hapana, hapana — taratibu, lakini machozi yalikuwa yameshamfika kwenye kope, yamesimama pale, yanangoja ruhusa.

Mume wangu kipenzi, nisamehe.

"Nimekuelewa, mama," nikasema. "Kaa barabarani utungojee. Tutakuja na Pilipili, kabla mwezi huu haujaisha."